Kostanjevica, Kilima Kilichomstahi Mfalme Asiyetawala

Kilima cha Kostanjevica kina urefu wa mita 143 tu, na mtu mwenye afya ya kawaida hukipanda bila kusimama kupumua. Kiko Slovenia, ukingoni mwa mji wa Nova Gorica, karibu kabisa na mpaka wa Italia. Juu yake pana kanisa na nyumba ya watawa Wafransisko, maktaba ya kale na bustani ya mawaridi. Chini ya kanisa wamelala watu sita wa ukoo wa Bourbon, ukoo ulioitawala Ufaransa kwa karne mbili kabla ya mapinduzi ya 1789 na kurudi kitini kwa miaka michache baadaye. Kati ya sita hao yupo Charles X, mfalme wa mwisho wa tawi kuu la ukoo huo, na yupo mjukuu wake Henri, aliyejulikana kama Comte de Chambord. Henri aliitwa mfalme tangu utotoni na wafuasi wake, akazeeka akiitwa hivyo, na hakuketi kwenye kiti cha enzi.

Watu husafiri kwenda Versailles kuona namna wafalme walivyoishi. Mimi nawasifia wasomaji wangu kilima hiki kidogo, kwa sababu hapa ndipo utakapoona wafalme walivyopokelewa walipokuwa hawana pa kwenda.

Ukifika kileleni, kabla hujaingia popote, simama upande wa kaskazini uangalie. Mbele yako imesimama Sveta Gora, mlima wa mita 682 wenye kanisa la hija kileleni. Kushoto kwake ni Sabotin, na katikati ya milima hiyo miwili unapita mto ambao Waslovenia huuita Soča na Waitalia huuita Isonzo. Maji yake ni ya kijani kibichi kinachong'aa, rangi ambayo ukiiona pichani unadhani imeongezwa. Chini yako kuna miji miwili iliyoshikana: Gorizia, mji wa kale wenye ngome juu ya kilima chake, na Nova Gorica, mji uliojengwa kuanzia 1948. Hewa ya hapa ina upole wa bahari ya Adriatiki, na zamani, enzi za Austria, wakubwa walioikimbia baridi ya Vienna walikuja Gorizia kupumzika wakiulinganisha mji huu na Nice ya Ufaransa. Burja, upepo ule mkali wa bara, ukivuma, watu hushika kofia zao, lakini siku nyingi za mwaka ni za jua.

Upole huo wa hewa ndio ulioileta familia ya Bourbon hapa, na safari yao ilikuwa ndefu.

Henri alizaliwa Paris, katika jumba la Tuileries, tarehe 29 Septemba 1820, akiwa yatima wa baba. Baba yake, Duc de Berry, alichomwa kisu nje ya jumba la opera usiku wa tarehe 13 Februari mwaka huohuo, akafa asubuhi iliyofuata. Muuaji, Louvel, alikusudia kuukata mzizi wa ukoo wa kifalme, kwa kuwa Berry ndiye aliyetegemewa kupata mrithi. Hakujua kwamba mke wa Berry ana mimba. Miezi saba baadaye akazaliwa mtoto wa kiume, na wapenzi wa ufalme wakamwita mtoto wa muujiza. Michango ikachangwa nchi nzima, ikanunuliwa kasri ya Chambord, ile iliyoanza kujengwa na François I mwaka 1519, akapewa mtoto kama zawadi. Hapo ndipo lilipotoka jina alilolitumia uhamishoni maisha yake yote.

Alipokuwa na umri wa miaka tisa, mambo yaligeuka. Julai 1830 watu wa Paris waliinuka dhidi ya babu yake, Charles X, aliyejaribu kuyabana magazeti na kulivunja Bunge jipya. Tarehe 2 Agosti, akiwa Rambouillet, mfalme alijiuzulu. Mwanawe mkubwa, Louis Antoine, naye akaiacha haki yake, na taji likaachiwa Henri. Lakini Paris haikumtaka mtoto. Siku ya tarehe 9 Agosti taji lilichukuliwa na binamu wa familia, Louis-Philippe wa tawi la Orléans, na wiki iliyofuata wakimbizi walipanda meli Cherbourg kuelekea Uingereza.

Walikaa Lulworth kwa muda, kisha Edinburgh, katika kasri ya Holyrood. Mwaka 1832 wakahamia Prague kwa hisani ya mfalme wa Austria. Mwaka 1836 wakashuka kusini hadi Gorizia, mzee Charles X akiwa na umri wa miaka 79, wakitafuta jua na wakikimbia kipindupindu. Kipindupindu kikawafuata. Tarehe 6 Novemba 1836, wiki chache tu baada ya kuwasili, mzee alifariki katika jumba ambalo leo linaitwa Palazzo Coronini. Watu wa Gorizia walimsindikiza hadi juu ya Kostanjevica, akazikwa kwa watawa. Hakuwa mfalme wao wala jamaa yao, na walikuwa wamemwona kwa siku za kuhesabika. Walimzika kwa heshima zote kwa kuwa alifia mikononi mwao.

Jumba hilo bado lipo katika Gorizia ya upande wa Italia, ndani ya bustani yenye miti mikubwa, na chumba alichofia mfalme huonyeshwa kwa wageni. Nashauri uanzie hapo. Ukishatoka chumbani humo ndipo upande kilima, nawe utakuwa umeifuata njia ya jeneza.

Chumba cha makaburi kiko chini ya kanisa, nacho ni chembamba na cheupe, dari imeinama kiasi kwamba mtu mrefu anahisi ainame. Hakuna dhahabu. Majeneza ya mawe yamepangwa karibukaribu, na mara nyingi juu yake kuna maua na riboni zilizoachwa na Wafaransa wanaokuja kuwakumbuka wafalme wao. Ua la yungiyungi, alama ya ukoo huo, utaliona tena na tena.

Jeneza la kulikaribia kwa utulivu zaidi, kwa maoni yangu, ni la Marie-Thérèse. Alikuwa binti wa Louis XVI na Marie Antoinette. Mwaka 1792, akiwa na umri wa miaka 13, alifungwa pamoja na wazazi wake katika mnara wa Temple, Paris. Wazazi wote wawili walikatwa vichwa mwaka 1793. Mdogo wake wa kiume alifia gerezani mwaka 1795. Yeye peke yake ndiye aliyetoka hai, Desemba 1795. Akaolewa na Louis Antoine, ambaye ni binamu yake, akamlea Henri kama mwana aliyemzaa, akafa mwaka 1851 bila mtoto. Mumewe, aliyefariki Gorizia mwaka 1844, yuko naye humo. Yupo pia Louise, dada yake Henri, aliyekuwa Duchess wa Parma. Na yupo Henri mwenyewe pamoja na mkewe, Maria Theresa wa Modena.

Henri alikua mwanamume mnene, mcha Mungu na mpole, mwenye kuchechemea tangu alipoanguka kutoka juu ya farasi mwaka 1841. Alioa mwaka 1846, na hakujaliwa kupata mtoto. Makao yake yalikuwa Frohsdorf, kusini mwa Vienna, na huko wafuasi walikuja kumsalimu kama mtu anavyomsalimu mfalme aliye kitini. Louis-Philippe aliangushwa mwaka 1848, Napoléon III akaja na kuanguka katika vita na Prussia mwaka 1870, na Henri bado alikuwa anangoja.

Kisha mlango ukafunguka. Uchaguzi wa Februari 1871 uliwapa wapenzi wa ufalme wingi wa viti bungeni. Walikuwa makundi mawili, waliomtaka Henri na waliotaka tawi la Orléans, lakini Henri hakuwa na mtoto, hivyo hesabu ilikuwa rahisi: atawale yeye kwanza, kisha mjukuu wa Louis-Philippe, Comte de Paris, amrithi. Agosti 1873 Comte de Paris alikwenda Frohsdorf kumtambua Henri kuwa mkuu wa ukoo mzima. Kilichobaki kilikuwa bendera.

Ufaransa ilikuwa inapeperusha bendera ya rangi tatu, ya bluu, nyeupe na nyekundu. Chini yake askari walikuwa wamepigana na kufa kwa vizazi, na jeshi halikuwa tayari kuiacha. Henri alitaka bendera nyeupe ya mababu zake. Julai 1871 alikuwa ameingia Ufaransa, akalala katika kasri ya Chambord aliyopewa utotoni, akatoa tamko kwamba hataiacha bendera nyeupe ya Henri IV. Wanasiasa hawakuamini kwamba mtu anaweza kulipoteza taji kwa ajili ya kitambaa. Oktoba 1873 mjumbe wao, Chesnelong, alimfuata Salzburg, akarudi Paris na matumaini. Tarehe 27 Oktoba Henri aliandika barua ya kuyafuta matumaini hayo, na siku chache baadaye ikachapishwa gazetini. Hatabadili msimamo.

Novemba mwaka huohuo alikwenda Versailles kwa siri, akitumaini kwamba Rais, Marshali MacMahon, atamshika mkono na kumwingiza bungeni. MacMahon alikataa kuonana naye. Henri akarudi Austria. Tarehe 30 Januari 1875 Bunge lilipitisha, kwa kura 353 dhidi ya 352, kifungu kilichoweka namna ya kumchagua Rais wa Jamhuri. Kwa kura moja hiyo jamhuri ikapata miguu. Katika kasri ya Chambord bado yapo magari ya farasi aliyoyaagiza kwa ajili ya kurudi kwake. Hayakuwahi kumbeba kuingia Paris.

Wanahistoria wengi humhukumu Henri kwa ukali: alipewa taji mkononi akalitupa. Mimi naona kuna jambo la kumstahi. Wazee wetu husema mwacha asili ni mtumwa, na Henri aliliishi neno hilo kuliko watu wengi wanaolitamka. Kwake bendera nyeupe ilikuwa ahadi kwa babu aliyefia ugenini na kwa shangazi aliyezikwa bila nchi. Kuingia Paris chini ya rangi zilizopepea siku Louis XVI alipokatwa kichwa kungemfanya, machoni pake mwenyewe, mfalme wa kuazimwa. Ufaransa nayo ilikuwa na haki ya kuzishika rangi zake. Pande mbili zilikuwa na uaminifu wa kweli, na hazikuweza kukutana.

Alifariki Frohsdorf tarehe 24 Agosti 1883. Mazishi yalifanyika Gorizia mwanzoni mwa Septemba, na hata hapo ugomvi wa matawi haukuisha: mjane hakukubali Comte de Paris atangulie jeneza, naye Comte akaondoka bila kuja Gorizia. Mjane alimfuata mumewe mwaka 1886. Wakalala pamoja kilimani, na pengine ungedhani hadithi imekwisha.

Hapa ndipo sifa ya Kostanjevica inapoanza hasa. Mei 1915 Italia iliingia vitani dhidi ya Austria, na bonde la Soča likawa uwanja wa mapigano. Vita 12 vilipiganwa kando ya mto huo kati ya 1915 na 1917. Mizinga iliubomoa mji, ikalibomoa kanisa la kilimani. Malkia wa Austria wakati ule alikuwa Zita, mjukuu wa binti wa ukoo huu, kwani Louise aliyelala humo ni bibi yake mzaa baba. Majeneza yakahamishiwa Vienna, kwa Wakarmeli, yakae salama. Vita vilipokwisha, Austria ilikuwa imesambaratika na Gorizia ilikuwa mali ya Italia. Watawa wakalijenga upya kanisa, na mwaka 1932 majeneza yakarudishwa.

Kisha wakaja Wajerumani mwaka 1943. Baada yao ukaja utawala wa kijeshi wa Washirika. Mkataba wa 1947 ukaukata mji: kitovu cha Gorizia kikabaki Italia, na stesheni ya reli pamoja na Kostanjevica vikaangukia Yugoslavia. Ile ilikuwa dola ya kijamaa isiyokuwa na haja na wafalme, na wenyeji wake walikuwa na kazi ya kujenga mji mpya kuanzia msingi. Makaburi hayakuguswa. Watawa waliendelea kuyatunza. Mwaka 1991 Slovenia ikawa nchi huru, ikapandisha bendera yake, na taa ya chumba kile ikaendelea kuwashwa.

Kwa hiyo mtu ambaye bendera kwake ilikuwa kila kitu amelala mahali palipobadilishiwa bendera mara kwa mara, na kila mwenye kuipandisha mpya alimwachia nafasi yake. Sijaona mahali pengine Ulaya ambapo wenyeji walioteseka hivyo kwa mipaka wameuheshimu hivyo usingizi wa wageni.

Nje ya kanisa kuna bustani iliyopandwa mawaridi ya Bourbon, mojawapo ya mikusanyo mikubwa ya jamii hiyo barani Ulaya. Uende Mei, yanapochanua. Inama karibu na ua moja ulitazame: petali zimefungana tabaka juu ya tabaka, zile za katikati zimejikunja na kugawanyika kama mafungu, rangi ya pinki imekolea ndani na kufifia ukingoni. Harufu yake ni nzito na tamu, na jua la asubuhi likilipata huifikia pua yako kabla hujainama.

Na hapa msomaji wa Afrika Mashariki yuko nyumbani kuliko anavyofikiri. Waridi hili halikuanzia Ulaya. Lilitokea katika bahari yetu ya Hindi, kwenye kisiwa kinachoitwa leo Réunion, ambacho Wafaransa walikiita Bourbon kwa heshima ya ukoo wa kifalme. Wakulima wa huko walipanda aina mbili za mawaridi kuwa ua la mashamba, moja yenye asili ya China na nyingine ya jamii ya damaski, na mbegu zikachanganyika zenyewe. Mtaalamu wa mimea Bréon alizituma mbegu Ufaransa mwaka 1819, zikafika mikononi mwa Jacques, mtunza bustani wa Louis-Philippe, yuleyule aliyekuja kulichukua taji la Henri. Mawaridi yaliyokuzwa kwanza katika bustani ya mshindani ndiyo yanayopamba kaburi la mdai.

Kisiwa hichohicho kilitupa kahawa. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Zanzibar kutoka Réunion mwaka 1863 na kufungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, nao ndio wanaotajwa kuileta kahawa ya Bourbon kwenye pwani yetu. Leo jina hilo ni la kawaida mashambani Rwanda na Burundi, ambako kahawa nyingi ni ya mbegu hiyo. Mkulima wa Huye au Ngozi anayetamka neno Bourbon analitamka jina la ukoo uliolala chini ya kanisa hili.

Usiondoke kilimani bila kuomba kuingia maktaba. Imepewa jina la Stanislav Škrabec, mtawa aliyekaa hapa zaidi ya miaka 40 akiichunguza lugha ya Kislovenia, sauti zake na lafudhi yake. Hazina yake kuu ni nakala ya sarufi ya kwanza ya Kislovenia, iliyoandikwa na Adam Bohorič na kuchapishwa mwaka 1584. Sisi tunaoipenda lugha yetu tutaelewa kwa nini taifa dogo linakitunza kitabu hicho kama wengine wanavyolitunza taji.

Ukishashuka, tembea hadi uwanja ulio mbele ya stesheni ya Nova Gorica. Waslovenia huuita Trg Evrope, Waitalia Piazza Transalpina. Mpaka unapita katikati yake. Uzio uliokuwa hapo uliondolewa mwaka 2004 Slovenia ilipojiunga na Umoja wa Ulaya, na Desemba 2007 ukaguzi wa kawaida wa pasipoti mpakani ukaondolewa. Watoto hupiga mpira kutoka nchi moja hadi nyingine. Mwaka 2025 miji hii miwili ilikuwa kwa pamoja Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya, heshima iliyostahili.

Kwa chakula, Mei na Juni ndio msimu wa cheri za vilima vya Brda, nazo huuzwa zikiwa bado na majani. Ukienda majira ya baridi, tafuta radič ya Gorica, mboga nyekundu chungu kidogo ambayo wakulima huing'oa shambani na kuichipusha gizani hadi majani ya ndani yajikunje kama waridi. Huliwa mbichi na mafuta ya zeituni na siki, na maharage yakiwepo huwa mlo kamili.

Kufika si taabu. Kutoka Venice treni hukufikisha Gorizia kwa kama saa mbili, na kutoka Ljubljana ni kama kilometa 100 kwa barabara. Viza moja ya Schengen inatosha kwa pande zote mbili. Vaa viatu vya kutembelea, maana kilima, ngome na jumba la Coronini vyote vinafikika kwa miguu kwa siku moja, ingawa mji huu unastahili siku zaidi.

Ulaya imejaa sanamu za walioshinda. Kostanjevica imewatunza walioshindwa, watu wa nchi nyingine, wa tabaka ambalo wenyeji hawakuwa na deni nalo, na imefanya hivyo chini ya dola zisizopatana kwa jambo lolote lingine. Henri aliikataa Ufaransa isiyokuwa na bendera yake. Kilima hiki hakikumuuliza bendera. Mji wenye utu wa namna hiyo unastahili nauli ya mtu yeyote.